Isale kwenye Mfuko wa Saruji

Ndekirwa hakuja mwenyewe.
Alimtuma kijana wa bodaboda na kitu kimeviringishwa,
kimekazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli,
na kijana akasema, "Nimeambiwa nisisubiri jibu."

Nilikuwa napunguza suruali ya mwalimu wa Njoro,
pasi ya mkaa miguuni, Pasua yote inanuka vitunguu na mvua.
Nikadhani ni wito mwingine wa baraza la kata.
Miaka sita sasa baina yetu ni karatasi:
wito, nakala, muhuri, nauli.

Nikafungua. Mfuko wa saruji
umepasuliwa, umelazwa chali kama mbuzi wa sikukuu,
na upande wa ndani, usio na maandishi,
kaka yangu amechora.

Ndekirwa! Mbeba magunia wa kiwanda cha kahawa,
anayesaini mshahara kwa dole gumba!

Mlima ameuchora kwa jivu. Haukushika vizuri,
ukiupuliza unahama,
sawa na ule wenyewe ambao tangu Jumatatu hatujauona.
Migomba ni masizi ya sufuria,
na dole gumba lile lile limepita kila jani,
mishipa ya jani ni mistari ya ngozi yake.
Udongo ni machicha ya kahawa
yaliyogandishwa kwa uji; nikiinamia karibu, usingizi unakata.
Mfongo ameanza kwa kalamu ya bluu.
Wino ulimwishia katikati ya mteremko
akaendelea kukwaruza,
maji yakawa kovu.

Watu hakuna.
Kuna viatu viwili vya mama, vile vya plastiki,
kimoja huku, kimoja kule,
vinatazamana kama wanaoteta.

Na katikati, pale mpaka ulipokuwa
kabla hajaung'oa usiku wa matanga
akauhamishia hatua mbili ndani kwangu,
hapo hakuchora kitu. Amebandika.
Jani la isale,
bichi lilipotoka Uru, limenifikia limekauka,
limepigwa fundo.

Mgeni angeona jani.
Mimi nilisikia magoti yakigusa sakafu.

Ukiletewa isale hukatai, tulifundishwa hivyo;
ukikataa, ubaya unakugeukia wewe uliyekosewa.
Ndiyo hila ya jani hili:
linaomba, na umbo lake ni la panga.

Basi nikakasirika, kwa nini nifiche?
Nikaiambia cherehani, maana yeye hakuwepo:
"Mikono hii ulikuwa nayo siku zote, Ndekirwa,
na ukaenda kung'olea?"
Suruali ya mwalimu ikaungua gotini.

Nikaugeuza mfuko nisiuone.
Mgongoni, kwa herufi za kiwandani:
KILO HAMSINI. HIFADHI MAHALI PAKAVU.
Nikacheka, Mungu anisamehe, na machozi yakaja nayo,
kwa kuwa bati langu linavuja kila mahali
isipokuwa juu ya cherehani.

Hapo ndipo nimeutundika.

Sijamjibu. Juzi umeme ulipokatika
nikatunga uzi mwekundu, nikashona kwa mkono
(mashine ingechana karatasi),
mishono mitano, mirefu, imepinda,
kutoka kiatu hadi kiatu,
ikikatiza mfongo pale wino ulipokufa.
Kisha mkono ukafika kwenye fundo
ukasita.

Jani bichi lingefunguka.
Kavu hivi, ukiligusa, linakatika,
na sijui nani alikawia,
yeye kulileta au mimi kulipokea.

Sindano ingali inaning'inia kwenye uzi wake.
Wateja wakiuliza ni nini kile pale ukutani,
nawajibu kama fundi yeyote wa Pasua:
ni kazi ya mtu,
haijaisha.